Nilivyoacha Chaki Nikashika Chanuo

(Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi, Yakobi)



Ndugu Mwenyekiti aliponipigia simu kuniomba niseme machache juu ya kazi yangu, nilimwuliza, kazi ipi? Ile ya ualimu au hii ya sasa? Akacheka, akasema, "Hii ya sasa, Mwalimu. Ile tunaijua." Basi nimekuja kueleza habari za saluni. Wale wanaonung'unika moyoni kwamba tumekusanyika watu wazima tukaletewa mtu wa kuosha nywele za akina mama, nawaomba wavumilie. Hata mimi mwenyewe nilinung'unika hivyo hivyo mwaka mzima. (Vicheko)

Nilifundisha Kemia na Biolojia kwa miaka kumi na saba, mingi ya miaka hiyo wakati sisi wa Njombe tulikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Iringa, kabla hatujapewa mkoa wetu mwaka 2012. Sikuacha ualimu kwa kufukuzwa, wala sikugombana na mtu. Nasema hivyo mapema kwa sababu nilipoacha, baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, hakuja kuniuliza mwenyewe. Alimtuma mtu aulize kama nimekula fedha za shule.

Habari yenyewe ilianza Makambako. Mdogo wangu wa kike alikuwa na saluni karibu na stendi. Mnaujua mji ule: barabara ya Songea inaikuta pale barabara kuu iendayo Zambia, reli ya TAZARA inapita, na upepo wake hauna mwenyewe. Msafiri akishuka pale kichwa kimejaa vumbi. Kwa hiyo saluni ilikuwa na wateja. Jumamosi moja mwaka 2011 nilipita kumsalimu, nikamkuta anazozana na mama mmoja. Mama yule alikuwa amewekwa dawa ya kulainisha nywele, na ngozi nyuma ya sikio ilikuwa imebabuka ikawa kama ndizi iliyomenywa. Wasichana wa kazi walikuwa wanasema, "Ni damu yake tu, damu yake haipatani na dawa."

Nikaliokota lile kopo nikasoma. Limeandikwa hidroksidi ya sodiamu. Ninyi wa kidato cha tatu na cha nne mnaijua hiyo. Ndiyo kostiki soda ambayo watengenezaji wa sabuni wanaipika pamoja na mafuta. Mimi maabara nilikuwa nikiifungia kabatini, na mwanafunzi aliyeigusa bila ruhusa alipata adhabu. Leo naikuta imechanganywa na mafuta laini, ina harufu nzuri, inapakwa juu ya kichwa cha mama wa watu na msichana ambaye hajapata kuambiwa ni kitu gani! Dawa za namna hiyo huwa na pH ya kati ya 12 na 14. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na ndani yake mna vifungo vya salfa vinavyoushika ujikunje. Dawa inavikata vifungo hivyo, unywele unalala. Lakini kostiki haichagui. Ikimaliza unywele, au ikikuta mahali mteja alipojikuna jana usiku, inaendelea na ngozi.

Niliwaeleza wale wasichana hayo yote palepale, nikichora kwa kidole juu ya kioo chenye mvuke. Walinisikiliza kuliko darasa lolote nililopata kufundisha. Nadhani siku ile ndiyo niliyonaswa, ingawa sikujua.

Nikawa ninakwenda kila Jumamosi. Mwaka 2013 shemeji yangu alihamishiwa Mtwara, na mdogo wangu akataka kuuza saluni na vyombo vyake vyote: madraya mawili, stima, viti, vioo na sinki la kuoshea. Nikamwambia usiuze. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Nyumbani, mke wangu alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza swali moja tu: "Mkopo wa benki utalipwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Mkopo ule ulikuwa unakatwa kwenye mshahara, na mshahara ukikoma benki haikomi. Tulifanya kama watu wa huku wafanyavyo wanapobanwa, tukauza miti. Nilikuwa na misindano niliyoipanda kwa ajili ya ada za watoto, bado haijafikia umri mzuri wa kupasua mbao. Mnunuzi alijua nina shida, akatoa bei ya mtu mwenye shida. Ninaposikia vijana wakiambiwa acheni ajira mjiajiri, huwa natamani msemaji aeleze na habari ya miti hiyo.

Sasa niseme juu ya kujifunza. Mtu akishaitwa Mwalimu miaka kumi na saba, masikio yake huwa mazito. Nilikuwa najua Kemia, lakini mikono yangu haikujua kitu. Aliyenifundisha kazi alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Wanging'ombe, ambaye hakupita kidato cha pili. Aliniamkia kila asubuhi kwa adabu, "Shikamoo Mwalimu," halafu akanikaripia mpaka jioni. "Mwalimu, unagawa nywele kama unapiga mistari ya daftari." "Mwalimu, vidole vyako vinatembea kama unafuta ubao." Alinifunza kuosha kichwa bila kuingiza maji masikioni, kufunga rola, kusuka twende kilioni, na mwisho rasta, ambazo mpaka leo ninazisuka polepole mno. Kwetu Njombe mwezi wa Juni na Julai maji ni baridi ya kukata vidole, kwa hiyo hata kupasha maji ni sehemu ya ufundi: yakiwa baridi mteja harudi, yakiwa moto dawa inauma zaidi.

Mwezi wa pili aliingia binti niliyemfundisha kidato cha nne. Alikaa kitini, akatazama kioo, akaniona nyuma yake na taulo begani. Akasimama. "Samahani Mwalimu, nilidhani hapa ni saluni." Nikamwambia ni saluni, kaa. Alikaa, lakini shingo ilikuwa ngumu kama ya mtu anayesubiri viboko. (Vicheko) Mnacheka, lakini usiku ule sikulala. Niliona aibu, na nikaona aibu kwamba naona aibu.

Nawaeleza na kosa langu, maana mzungumzaji anayeleta ushindi mtupu anapoteza muda wenu. Desemba 2014 alikuja bibi harusi, saa mbili asubuhi, ndoa saa nane mchana. Nilimpaka dawa mwenyewe. Wateja walikuwa wengi, Desemba ndiyo mavuno yetu, nikaitwa mbele kutafuta chenji, nikapokea simu, nikazungumza. Niliporudi muda ulikuwa umepita sana. Alikuwa amevumilia kwa sababu mimi ni Mwalimu, na alidhani Mwalimu anajua. Nilipomwosha, nywele za mbele upande wa kushoto zilibaki mkononi mwangu.

Nilirudisha fedha, nikalipia hospitali, nikaenda mwenyewe kununua wigi. Aliolewa na wigi lile. Mama yake anauza viazi sokoni na bado ananiitikia salamu. Yeye mwenyewe hajakanyaga tena kwangu, na sina haki ya kumlaumu. Nilikuwa nimewacheka wasichana waliosema "damu yake tu", kisha mimi niliyesoma nikafanya lililo baya zaidi. Tangu siku hiyo kila kiti kina saa yake ukutani. Mwenye dawa kichwani haachwi hata kama Mkuu wa Mkoa amesimama mlangoni, na aliyejikuna au aliyefumua rasta juzi tunamrudisha nyumbani.

Wazee waliopo hapa watakumbuka kwamba wigi nalo lina historia yake katika nchi hii. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliamua kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, na kampeni ile ya Operesheni Vijana ikaanza Dar es Salaam Januari 1969. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini katika miaka ya themanini, nikiwa mtoto, niliwaona akina kaka wakitembea na kalikiti kichwani, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kola. Kichwa cha mtu hakijapata kuwa mali yake peke yake. Hata ninyi wanafunzi mnanyolewa kwa amri, wavulana kwa wasichana! Nasema hivyo si kuwachochea, Ndugu Mkuu wa Shule. (Vicheko)

Mara nyingi nimeulizwa kama kuna mtu wa maana aliyepata kubadili kazi ukubwani akaingia katika nywele. Huwa nawatajia Madam C. J. Walker wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1867 huko Louisiana, wazazi wake walikuwa watumwa kabla ya yeye kuzaliwa, na kwa miaka mingi alifua nguo za watu. Alianza biashara yake ya mafuta ya nywele akikaribia miaka arobaini, na mwaka 1910 akaihamishia Indianapolis, alikojenga kiwanda. Alikufa mwaka 1919 akiwa tajiri. Mimi si tajiri. Desemba napata zaidi ya mshahara wangu wa zamani; Januari na Februari, watu wakilipa ada na kununua mbolea, napata chini yake.

Baadaye niliongeza kiti cha kinyozi. Hapo nawaomba mnisikilize kwa makini, hasa vijana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba mkoa wetu unaongoza nchini kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, asilimia 12.7 ya watu wazima. Kwa hiyo wembe kwangu unafunguliwa mbele ya macho ya mteja, ukitumika unatupwa. Lakini kinyozi aogope pia homa ya ini aina ya B, ambayo virusi vyake vinaweza kukaa juu ya kitu kikavu kwa siku saba na bado vikaambukiza. Kupuliza nywele kwa mdomo kutoka kwenye mashine, kama wafanyavyo wengi, si kusafisha. Ukiona kinyozi anapuliza, inuka.

Limebaki jambo moja linalonisumbua, na sijalimaliza. Oktoba 2022 ulichapishwa Marekani utafiti uliofuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka kumi na moja. Walikadiria kwamba kati ya wasiotumia kabisa dawa za kunyoosha nywele, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Kwa wale wazitumiao mara kwa mara ilikuwa asilimia 4.05. Watafiti hawakusema kwamba wamethibitisha dawa ndiyo chanzo, na mimi kama mtu wa sayansi naheshimu neno hilo. Lakini nimelisoma, siwezi kulisahau. Nimeyaandika hayo kwa Kiswahili kwenye karatasi, nikaibandika karibu na kioo. Wateja wengine wakisoma wanachagua kusuka. Wengine wananiambia, "Mwalimu, wewe paka tu, sherehe ni kesho." Nami ninapaka.

Mke wangu anasema niliondoe kopo rafuni kabisa. Yule binti wa Wanging'ombe, ambaye sasa ana saluni yake Njombe mjini, anasema nikiliondoa wateja watavuka barabara kwenda kwa mtu asiyejua hata kutazama saa. Wote wawili wananiambia kweli. Kopo bado liko rafuni, na karatasi bado iko ukutani.

Ndugu Mwenyekiti, leo ni Jumamosi, na nimewaacha wasichana wawili peke yao na foleni. Kutoka hapa hadi Makambako ni mwendo. Mwenye swali anifuate njiani mpaka kwenye gari, au aje saluni, nitamjibu huku namwosha. (Makofi)