MCHEZO HAUKOSI SHERIA

Kila Julai watu hufurika Makunduchi kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Wanaume wa kusini na wa kaskazini huchapana, kibanda cha makuti hutiwa moto, na kina mama huimba. Mgeni huona vurugu tupu. Mwenyeji anajua kwamba pana utaratibu: watu huchapana kwa migomba, si kwa rungu wala panga, mahali panajulikana, na likisha limekwisha, kinyongo hakivuki mwaka.

Sasa watazameni vijana wetu wanaoshindana kwa pikipiki na magari katika barabara za watu wote. Hawana uwanja, hawana mwamuzi, wala hakuna aliyekagua breki. Anayevuka barabara na kikapu chake hakuombwa kuingia mchezoni, lakini huenda akawa yeye wa kwanza kuumia.

Maradhi haya si yetu peke yetu. Marekani nako vijana walikuwa wakishindana mitaani. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha kuwatoa mitaani na kuwapeleka kwenye njia maalumu. Mashindano yalikuwa ya mwendo ulionyooka, robo maili, yaani kiasi cha mita 402. Hata huko sheria zilikuja kwa maumivu. Mwaka 1970 giaboksi ya gari la bingwa Don Garlits ilipasuka mashindanoni ikamkata sehemu ya mguu. Alipopona alitengeneza gari lenye injini nyuma ya dereva, na wenzake wakamfuata.

Leo wapo wanaoshindana kwa magari ya mtindo wa enzi hizo. Sura ni ya zamani, lakini usalama ni wa leo: kofia ngumu, mikanda, nguo zisizoshika moto, na kizimba cha vyuma kinachomlinda dereva gari likipinduka. Gari lisilopita ukaguzi halikaribii mstari.

Hapa Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh wa Kenya aliyashinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano mengine ya Safari kwa magari ya zamani, na hayo pia yana masharti yake: aina ya gari, umri wake na vifaa vya usalama. Kuyapenda ya kale hakukumfanya mtu asamehewe breki mbovu.

Ndugu wasikilizaji, tumezoea kusema ajali haina kinga. Tunaisema mno, hata pale kinga ilipokuwa inauzwa dukani tukaiona ghali. Gurudumu lililokwisha si kudura, ni uzembe.

Sisemi vijana wakatazwe mbio. Ukimkataza kijana mchana, atakwenda usiku. Nasema watengewe mahali na siku, vyombo vikaguliwe, daktari awepo, na mshindi apewe zawadi mbele ya watu. Na asiyetaka masharti hayo, sheria ya barabarani imshike bila kuulizwa ni mtoto wa nani.

Wazee wa Makunduchi walijua kwamba hata ugomvi unahitaji mipaka. Mbio zinaihitaji zaidi, maana chuma si mgomba.