Dawa za VVU na kufuli zake: kwa nini dawa ya kiungulia isubiri



Kwenye dirisha la dawa, mtu anayetumia ARV huambiwa jambo moja ambalo wengi hulisahau kabla hawajafika Waiyaki Way: kidonge chenye dolutegravir kisimezwe pamoja na dawa ya kiungulia. Kimezwe saa 2 kabla yake, au saa 6 baada yake. Wengine hudhani ni kwa sababu tumbo litajaa vidonge. Sababu yenyewe inaanzia kwenye umbo la protini moja ya kirusi.

Kirusi cha UKIMWI hakiwezi kuzaana peke yake. Kinaingia kwenye seli ya damu kikiwa na vifaa vichache tu vya protini. Kimoja hunakili jeni zake. Kingine, integrasi, huzipachika jeni hizo ndani ya jeni za mtu. Cha tatu, proteasi, hukata protini mpya kwa vipimo vinavyofaa ili kirusi kipya kikomae. Kifaa kimoja kikizibwa, kazi inasimama. Lakini fundi hawezi kuchonga ufunguo wa kufuli ambayo hajaiona.

Protini haionekani kwa hadubini ya kawaida. Wanasayansi huisafisha, huifanya iwe fuwele kama punje za chumvi, halafu huipiga miale ya eksirei. Jinsi miale inavyotawanyika ndivyo kompyuta inavyokokotoa mahali ilipo kila atomu. Kwa njia hiyo, mwaka 1989, umbo la proteasi ya VVU lilijulikana: nusu mbili zinazofanana, kila moja ikiwa na asidi amino 99, na katikati yake mwanya wa kukatia. Dawa za kuuziba mwanya huo zilianza kuidhinishwa Marekani Desemba 1995, na nyingine zikafuata mwaka 1996. Kwa Mkenya wa kawaida hiyo ilikuwa habari ya mbali, maana bei ilikuwa ya matajiri. Ilibidi sheria ya mali ya ubunifu ya mwaka 2001 ifungue mlango wa kuagiza dawa za bei nafuu kutoka nje.

Si kila kufuli hukaa kama ilivyo. Nevirapine na efavirenz, ambazo wengi waliozianza zamani wanazikumbuka, hujibana kwenye kijishimo kilicho kando ya sehemu inayofanya kazi katika kifaa cha kunakili. Kirusi hakihitaji sana ukuta wa kijishimo hicho. Asidi amino moja tu ikibadilika, kwa mfano ile ya nafasi ya 103, dawa inakosa pa kushika, na kirusi kinaendelea na shughuli zake kama kawaida. Hapo ndipo usugu ulipoingia kwa urahisi.

Dolutegravir inashika mahali pengine. Ndani ya integrasi kuna chembe mbili za magnesiamu, na bila hizo kifaa hakifanyi kazi. Mwaka 2010 timu ya Peter Cherepanov huko London ilionyesha, kwa kutumia integrasi ya kirusi jamaa ya VVU, jinsi dawa za aina hii zinavyozikumbatia chembe hizo mbili. Kirusi kikitaka kuiponyoka dawa kwa kubadilisha sehemu hiyo, kinajivunjia kifaa chake chenyewe. Ndiyo sababu usugu dhidi ya dolutegravir ni mgumu zaidi kutokea, ingawa hutokea, na ndiyo sababu Kenya ilianza kuwahamishia wagonjwa kwenye dawa hii tangu mwaka 2017.

Sasa dawa ya kiungulia. Nyingi zina magnesiamu au alumini. Dawa iliyoundwa kukumbatia metali haichagui: ikizikuta tumboni, inazikumbatia huko huko, na kiasi kinachoingia kwenye damu kinapungua. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu, vile ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki, vina tabia hiyo hiyo. Mama asiviache. Akivimeza pamoja na dolutegravir wakati wa chakula, hakuna shida. Akiwa hajala, afuate saa 2 kabla au saa 6 baada. Anayenunua dawa ya kiungulia dukani amwambie muuzaji kwamba ana dawa nyingine anayotumia kila siku. Halazimiki kueleza ni ya nini.

Dozi zikirukwa, hatari inatoka upande huo huo. Kirusi hukosea mara nyingi kinapojinakili. Dawa ikiwa nyingi mwilini, nakala hizo hazipati nafasi. Ikiwa kidogo, kirusi kinajinakili huku kikiizoea, na ile nakala iliyobadilika kidogo ndiyo inayobaki.

Siku hizi kuna pia lenacapavir. Hii inalenga ganda linalofunika jeni za kirusi, lililojengwa kwa nakala 1,500 hivi za protini moja. Dawa hujipenyeza kati ya nakala mbili zilizo jirani, na ganda linashindwa kufunguka na kujengwa inavyotakiwa. Dozi moja ya sindano hudumu miezi 6. Katika utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2024, wasichana na wanawake vijana 2,134 walipewa sindano hiyo, na hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa kinga Julai 2025.

Kangemi yenyewe si mgeni katika safari hii: wakazi wake walijitolea katika utafiti wa chanjo ya VVU uliofanywa hapa na KAVI ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Chanjo bado haijapatikana. Kwa sindano ya kinga, anayeitaka hupimwa VVU kwanza, kwa sababu aliye na virusi tayari akipewa lenacapavir peke yake, kirusi chake kinaweza kuizoea.