Mzazi, Mwalimu wa Judo na Tabia ya Mtoto

Judo ilibuniwa na mwalimu. Kano Jigoro alipofungua Kodokan, shule yake ya judo, mwaka 1882, katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo, alikuwa kijana wa miaka 21 mwenye wanafunzi wachache. Baadaye aliongoza kwa miaka mingi chuo cha juu cha ualimu cha jiji hilo. Kazi hiyo inaonekana ndani ya mchezo wenyewe. Mbinu za jujutsu, sanaa ya mapigano iliyotangulia judo, zilizokusudiwa kuvunja na kuua aliziondoa katika mapambano ya mazoezi, akabakiza zile ambazo vijana wangeweza kuzifanya kwa nguvu zote bila kulemazana. Kisha akaweka kanuni mbili: nguvu itumike pale inapoleta manufaa zaidi, na mtu astawi pamoja na mwenzake, si kwa hasara ya mwenzake.

Karate nayo iliingia shuleni kwa mikono ya walimu. Huko Okinawa Itosu Anko aliifanya somo la watoto mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1922 Funakoshi Gichin, aliyekuwa mwalimu wa shule, aliipeleka Tokyo akisisitiza kwamba huanza na kumalizika kwa heshima. Ahadi ya kujenga tabia, basi, haikubandikwa baadaye ili kuvuta wateja, ingawa leo inawavuta sana. Kinachobishaniwa ni kama adabu inayofunzwa mkekani hufika nyumbani, na ni nani anayeifikisha.

Mkekani mtoto huinama kumsalimu mwenzake kabla ya kumshika, hungoja zamu, hujifunza kuanguka kabla ya kujifunza kuangusha, na hushindwa mara nyingi mbele ya watu. La maana zaidi ni ishara ya kusalimu amri: aliyebanwa chini hupigapiga mkeka kwa kiganja, na mwenzake hana budi kumwachia papo hapo. Kwa ishara hiyo mtoto mmoja huweka usalama wake mikononi mwa mwingine, na dakika chache baadaye wanabadilishana nafasi. Mzazi hawezi kulitoa somo hili kwa urahisi, kwa kuwa nyumbani yeye ndiye mwenye nguvu daima na zamu hazibadiliki.

Lakini mafunzo ni saa chache kwa wiki, katika ukumbi ambamo mavazi ni mamoja, anayeamuru ni mmoja na kosa linaonekana wazi. Uongo, wivu kati ya ndugu, chenji iliyobaki dukani, bibi anayehitaji kubebewa ndoo: hayo hutokea nyumbani na njiani, na aliye karibu ni mzazi. Isitoshe, tabia huhitaji sababu, ilhali mwalimu wa karate kwa kawaida hutoa amri. Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Berkeley, Marekani, alipochunguza malezi katika miaka ya 1960, alitofautisha wazazi wanaodai utii mtupu, wanaoachia kila kitu, na wanaoweka mipaka imara huku wakieleza sababu na kumsikiliza mtoto. Watoto wa kundi la tatu ndio walioonekana kujimudu na kujitegemea zaidi. Alichunguza hasa familia za Kizungu za tabaka la kati, na si yote aliyoyakuta yanahamishika hadi Tandika au Kisumu. Ila mtoto wa popote huishika kwa muda mrefu zaidi kanuni ambayo sababu yake anaijua. Amri fupi hufaa mkekani kwa sababu mtoto anajua itakwisha saa kumi na mbili jioni. Nyumba iliyogeuzwa dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, haina mwisho wa kipindi. Na mzazi anayetisha kwa kusema “nitakusemea kwa sensei”, yaani kwa mwalimu wake, amekwisha kumwonyesha mwanawe kwamba mamlaka yako kwingine.

Tafiti zimetoa majibu yanayogongana, na mgongano wenyewe unafundisha. Mwaka 1986 Michael Trulson, nchini Marekani, aliwafuatilia kwa miezi sita vijana walioelekea kwenye uhalifu. Waliofundishwa taekwondo, sanaa nyingine ya mapigano, pamoja na salamu, tafakuri na maadili yake walipungua ukali. Waliofundishwa mapigano matupu walizidi kuwa wakali. Mwaka 2004 Kimberley Lakes na William Hoyt waliripoti kuwa wanafunzi wa shule moja waliojifunza taekwondo kwa miezi mitatu walijidhibiti vizuri zaidi kuliko wenzao waliobaki na mazoezi ya viungo ya kawaida, hasa wavulana. Watoto hao walizoezwa kujiuliza: niko wapi, ninafanya nini, na ninapaswa kuwa nikifanya nini? Lakini mwaka 2005, nchini Norwei, Inger Endresen na Dan Olweus waliona wavulana walioshiriki ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na sanaa za mapigano za Asia wakiongezeka ukorofi hata nje ya mchezo. Jina la mchezo, kwa hiyo, halitoshi kutabiri tabia. Aina ya ufundishaji, mtoto mwenyewe na mazingira anayotoka huamua mengi, na katika mazingira hayo mzazi ndiye wa kwanza.

Japani yenyewe imeonyesha jinsi mzazi anavyoweza kuharibu kazi ya mkeka. Machi 2022 Shirikisho la Judo la nchi hiyo lilitangaza kufuta mashindano ya taifa ya watoto wa darasa la tano na la sita, yaliyokuwa yakifanyika tangu 2004. Waliosababisha ni watu wazima. Makocha waliwapunguza uzito watoto wadogo ili waingie daraja jepesi, na kutoka pembeni makocha na wazazi waliwazomea waamuzi na kuwafokea wachezaji. Rais wa shirikisho wakati huo alikuwa Yamashita Yasuhiro, bingwa wa Olimpiki wa 1984, mtu ambaye hawezi kushukiwa kuuchukia ushindi. Mtoto aliyeinama kwa heshima kisha akamsikia baba yake akimtukana mwamuzi amepewa masomo mawili kwa siku moja, na la baba lina uzito zaidi.

Hata nidhamu ya ukumbini haipaswi kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Uchida Ryo, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, alikusanya kumbukumbu za vifo vya wanafunzi zaidi ya 100 katika judo ya shule za Japani tangu 1983, vingi kwa majeraha ya kichwa. Ufaransa, ambako watoto wengi mno hucheza judo, ilipitisha sheria ya kusimamia kazi ya ualimu wa judo mwaka 1955. Pasipo usimamizi kama huo, mzazi ndiye mkaguzi pekee aliyebaki. Anapaswa kukaa kipindi kizima kabla ya kulipa ada, atazame mwalimu anamfanyia nini mtoto dhaifu kuliko wote, na aulize kama wanaoanza hufundishwa kuanguka kwa wiki kadhaa kabla ya kurushwa. Mwalimu anayekataa kutazamwa amejibu swali kabla ya kuulizwa.

Mikanda ya rangi huleta mtihani mwingine. Ilienea Ulaya katika miaka ya 1930, hasa kupitia Kawaishi Mikonosuke aliyefundisha Paris, ili mwanafunzi aione safari yake kwa hatua ndogo. Siku hizi kila hatua ina ada, na mzazi huvutwa kuhesabu rangi. Swali lenye faida zaidi jioni ni nani mtoto alimsaidia, na alishindwaje.

Huja pia siku mtoto anaposema hataki kurudi. Huenda amechoka, na mapumziko yatatosha. Huenda ameogopa baada ya kushindwa, na hapo kubembelezwa amalize muhula kuna maana. Huenda pia mwalimu anampiga, anamdhalilisha au anamgusa isivyofaa. Hili mara nyingi halisemwi siku ya kwanza, na huambiwa mzazi aliyezoea kuuliza na kungoja jibu.