Mara Ngapi? Mhadhara wa Umma juu ya Vielezi vya Idadi vya Kiingereza, Kandokando ya Ziwa la Nyanza



Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikisomesha Kiingereza katika sekondari moja ya kando ya Ziwa hili, niliwaagiza vijana wangu waandike insha fupi juu ya kazi za wazazi wao; na kijana mmoja, mwana wa mvuvi wa dagaa, akaandika kwamba baba yake "does not never fish" mwezi unapokuwa mpevu. Nikashika kalamu nyekundu, nikafuta kikanusho cha kwanza, nikaandika pembeni "never fishes", nikadhani wajibu wangu umekwisha. Kumbe haukwisha. Baada ya kipindi kijana yule alinijia, akasimama kwa adabu, akasema: "Shikamoo, mwalimu. Sentensi uliyonisahihishia ni nzuri, lakini si ya kweli. Maana nyumbani kukiwa na dhiki, baba mbalamwezini pia huenda. Mimi niliandika vile kwa kuwa sikulijua neno jingine."

Watu wa mialoni, toka Kirumba hadi visiwa vya Ukerewe, wataifahamu kauli ya kijana huyo bila ya kufasiriwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai za mafuta ya taa na siku hizi zaidi taa za umeme wa jua. Dagaa hukusanyika penye mwanga, na wavu ukawazingira. Mwezi unapokuwa mpevu, nuru yake hutapakaa juu ya maji yote, taa ya mvuvi ikapoteza mvuto wake. Na kwa sababu hiyo aghalabu mitumbwi hupumzishwa siku kadhaa mpaka giza lirejee. Nimesema aghalabu, wala sikusema daima. Na katika nafasi iliyopo baina ya maneno hayo mawili ndimo mlimo na zile safari za dhiki ambazo kijana aliziona kwa macho yake, na ambazo kalamu yangu nyekundu ilikuwa imezifuta.

Waingereza wamelipangia jambo hili daraja za maneno ambayo sarufi yetu huyaita vielezi vya idadi: "always" kwa lile lisilokosa, "usually" kwa lile la kawaida, "often" kwa lile la mara nyingi, "sometimes" kwa lile la mara nyingine, "rarely" kwa lile la nadra, na "never" kwa lile lisilotokea hata mara moja. Maneno haya yana viti vyake maalumu. Kielezi hutangulia kitenzi kikuu, kama katika "Father usually fishes at night". Bali penye kitenzi cha kuwa, hukifuata, kama katika "The lake is often rough". Na penye kitenzi kisaidizi, huketi baina ya kisaidizi na kikuu, kama katika "We have never crossed at night". Kiswahili hakina ukali huo, kwani mtu aweza kusema "mara nyingi Ziwa huchafuka" au "Ziwa huchafuka mara nyingi", na hakuna atakayemwona amekosea. Basi mwanafunzi wetu akiandika "I go to the lake always", tusimdhanie uzembe. Ameliweka neno pale ambapo lugha yake humruhusu kuliweka.

Hata hivyo, kiti cha neno ni jambo dogo likilinganishwa na lile lililomo ndani ya kitenzi chenyewe. Sisi tunayo hu-, kiambishi cha ajabu kisichobagua nafsi wala wingi: mimi huvua, wewe huvua, wao huvua. Hutaja ada bila ya kuhesabu. Husema kwamba jambo lina mazoea ya kuwa, wala haisemi ni mara ngapi. Katika Kiingereza kazi hiyo hufanywa na kitenzi cha wakati uliopo, kikiwa peke yake: "Father fishes" ndiyo "baba huvua", na kielezi huja baadaye kutia kipimo. Wanafunzi wengi hawaambiwi hivyo, nao, kwa kuona hu- haina neno linaloisimamia, huitafutia neno kwa nguvu. Mmoja huandika "always" kila penye hu-, mwingine huandika "I use to wake up early" akikusudia mazoea yake ya leo, ilhali Mwingereza akisema "used to" hukusudia ada iliyopita na kukoma.

Hapa Mwanza tunalo na jambo la tatu. Kisukuma, kama lugha nyingi za Kibantu, hutia ada mwishoni mwa kitenzi kwa kiambishi -ag-, na wasemaji wakakihamishia katika Kiswahili chao, hata ukisimama kwenye kivuko utasikia "anavuaga usiku" na "tunakulaga sato". Wataalamu wa lugha za Kibantu huhesabu kiambishi hicho kuwa miongoni mwa urithi wa kale wa jamaa nzima ya lugha hizi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, hu- ya pwani ilipata cheo cha vitabuni, na -aga ikabaki barazani na sokoni. Nami sitaki wanafunzi waiandike katika mtihani. Lakini namsihi mwalimu asiidharau, kwa maana mtoto anayesema "anavuaga" amekwisha kuifahamu ada kwa ukamilifu, na kilichobaki ni kumwonyesha nguo itakayovaa katika lugha nyingine.

Tazameni pia hazina yetu ya maneno. Daima, nadra, abadan na kawaida tuliyapokea kutoka Kiarabu. Aghalabu ina asili moja na kughilibu, yaani kushinda, kana kwamba jambo la aghalabu ni lile lililoyashinda mengine kwa wingi. Kamwe ni yetu wenyewe, na ndani yake mna umoja, yaani hata mara moja. Nayo hudai kitenzi kilichokanushwa, "havui kamwe", ilhali "never" hubeba ukanushi wake yenyewe na haitaki mwenzi. Huo ndio ulikuwa mzizi wa kosa la kijana wangu. Na zaidi ya yote, pengine, ambayo asili yake ni mahali pengine, na huenda, ambayo ni ile ile hu- ya ada, zote mbili zimekuwa maneno ya shaka: pengine atakuja, huenda akaja. Wahenga waliotuachia lugha hii walitambua kwamba anayejua mazoea ya jambo hana yakini ya kesho, bali ana dalili tu. Na hilo mvuvi hulijua kila anapoyatazama mawingu jioni.

Kwa hiyo nasema, na nasema kwa moyo wote, kwamba kielezi cha idadi ni shahada. Asemaye "always" amejitolea kuwa shahidi wa kila siku, na asemaye "never" amekana kila tukio lililopita. Na mtu hafai kufundishwa kutoa shahada asizoziamini kwa sababu tu ndizo alizozikariri. Mwalimu na aanze na Ziwa: aulize nani huvua, nani hukaanga, ni usiku gani hawatoki, ni mara ngapi kivuko huchelewa; kipimo kikishajulikana kwa Kiswahili, ndipo atoe neno la Kiingereza, na mwisho kabisa aonyeshe kiti chake.

Siku ile nilikaa na kijana yule juu ya benchi la nje, nikamuuliza swali ambalo ilinipasa kumuuliza kabla ya kushika kalamu: katika miezi yote ya mwaka jana, baba alitoka mbalamwezini mara ngapi? Akahesabu kwa vidole, akasema mara mbili. Nikampa neno "rarely". Akaifuta sentensi yangu, akaandika yake, na kwa mara ya kwanza insha ile ikawa ya baba yake.