Gari Limerudi Gereji Tena? Dai Karatasi

Msikilizaji, umenunua gari kwa wakala. Lina waranti. Taa ya injini inawaka, unalipeleka. Unaambiwa, "Tumeshalicheki bosi, liko poa." Kesho yake, ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, taa ile ile inawaka.

Usigombane na fundi. Dai karatasi.

Kila unapolipeleka, hakikisha tatizo limeandikwa kwa maneno yako mwenyewe: linazimika kwenye foleni, linatetemeka asubuhi. Wakiandika "sevisi" tu, usisaini. Tarehe iwepo, na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Piga picha taa ikiwa inawaka, maana magari yana tabia ya kutulia yakifika kwa fundi. Ukilichukua, uliza kifaa gani kimebadilishwa, nacho kiandikwe.

Kwa nini? Waranti ina mwisho. Bila karatasi, wakala atasema tatizo limeanza jana, muda umeshapita. Ukiwa na karatasi, hawezi kulikana kirahisi.

Wakikuzungusha, mwandikie meneja barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Akikaa kimya, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Nenda na karatasi zako zote.