JE, FEDHA HII NI FEDHA?

(Maneno ya Katibu katika mkutano mkuu wa wanachama wa Ushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakufika. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.)



Nina mambo mawili yaliyotokea hapa hapa kwetu. Mwanachama mwenzetu alitoa magunia mawili ya mahindi akapewa sarafu ya ukumbusho, ile ya shilingi 20 ya mwaka 1981, ya miaka ishirini ya Uhuru. Muuzaji alimwambia, "Hii ni fedha." Jamani, hakusema uongo! Kila sarafu ni fedha. Lakini je, imetengenezwa kwa madini ya fedha? Hapo ndipo ndugu yetu alipoliwa.

Jambo la pili. Mama mmoja mjane alikuwa na sarafu aliyoachiwa na marehemu mumewe, ya mwaka 1974, shilingi 25, yenye picha ya twiga. Imekuwa nyeusi kwa moshi wa jikoni. Mchuuzi akamwambia, "Hilo bati tu, mama, nikupe dumu la mafuta ya taa." Mama akataka kukubali. Bahati nzuri alipita ofisini kwanza.

Tulizichukua sarafu zote mbili mpaka shule ya sekondari, maana mizani yetu ya mazao inasoma kilo, si gramu. Sasa sikilizeni tulivyofanya.

Kwanza, sumaku. Sumaku ikiinasa sarafu, si ya madini ya fedha, basi, mwisho wa maneno. Lakini isiponasa msishangilie. Shaba na nikeli zikichanganywa kama zilivyo katika sarafu nyingi nazo hazinaswi, na rangi yake ni nyeupe kama fedha. Sarafu zetu zote mbili hazikunaswa.

Pili, uzito. Sarafu za twiga za 1974 zilitoka za namna mbili: zilizo nusu fedha, na zile bora zenye sehemu 925 za fedha katika 1000. Hizo bora zina gramu 28.28. Ya mama ilisoma 28.27.

Tatu, maji, na hapa ndipo penye ukweli. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote, isiguse chini wala pembeni. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Chukua uzito wa sarafu, gawanya kwa namba hiyo. Fedha tupu hutoa karibu 10.5. Ile ya 925 hutoa karibu 10.3 au 10.4. Shaba na nikeli hutoa 8.9. Hata sarafu ya shaba iliyopakwa fedha juu haiwezi kuyadanganya maji.

Ya mama: 28.27 kugawanya kwa 2.73, jibu 10.36. Ni fedha! Ya ndugu yetu: 8.9. Magunia mawili yamekwenda.

Msitazame sura peke yake. Wazee mnazikumbuka shilingi za simba za mkoloni. Za kuanzia 1921 mpaka 1946 zilikuwa na fedha robo. Za kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Simba ni yule yule! Someni mwaka.

Na tafadhali, msisugue sarafu kwa majivu wala mchanga, msiikwaruze kwa tupa. Weusi ule si ubovu, fedha yenyewe ndiyo hugeuka hivyo. Wanaokusanya sarafu hushusha bei wakiona imekwaruzwa. Tena maji yanasema habari za madini tu. Hayasemi nani aliyeipiga sarafu hiyo, wala bei yake. Kwa bei, ulizeni kwa masonara wawili au watatu, si mmoja.

Kwa hiyo napendekeza kwenu. Mwanachama yeyote asiuze wala asinunue sarafu ya namna hii kabla ya kuileta ofisini. Kila Jumamosi nitakwenda nazo shuleni pamoja na mwenyewe, sarafu isitoke mkononi mwake. Mwaka, uzito na jibu la maji vitaandikwa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu yetu aliyepoteza mahindi ameniruhusu kuyasema haya mbele yenu, ili lisimpate mwingine. Tusimcheke. Tumshukuru.

Ndugu Mwenyekiti, tuendelee na ajenda ya pili.