Usimhasi Simbilisi kwa Wembe

Jembe umekwisha weka pembeni, basi kaa kidogo tuzungumze habari za mnyama mdogo anayelala karibu na mafiga: simbilisi.

Wafugaji wa Iringa, Njombe na Mbeya wanamfahamu vizuri. Hula majani na maganda ya jikoni, hataki banda la gharama, na nyama yake ni kitoweo kizuri. Shida ni kuzaana. Jike hubeba mimba siku 59 hadi 72, na saa chache tu baada ya kuzaa anaweza kushika mimba nyingine. Madume wakizidi hupigana. Baba humpanda binti yake, na kizazi kinadhoofika. Hapo ndipo mfugaji anaposema: "Mbona vitoto vya nguruwe nahasi mwenyewe? Na huyu nitamhasi vivyo hivyo."

Hapana, ndugu yangu. Weka wembe chini kwanza.

Simbilisi hakuumbwa kama nguruwe. Kati ya tumbo lake na mfuko wa kende kuna njia, na njia hiyo haizibi maisha yake yote. Ndiyo maana akishtuka huweza kuzivuta kende zikaingia tumboni, ukapapasa usizione. Sasa ukipasua na kuacha wazi, utumbo unaweza kupita njia hiyo hiyo ukatokeza nje. Usipotoka siku hiyo, unaweza kumletea ngiri baadaye. Kwa hiyo daktari wa mifugo, akishatoa kende, huifunga njia ile kwa uzi. Kazi hiyo haifanyiki bila dawa ya usingizi. Mpira wa kubana na koleo la kuhasia navyo si vya mnyama huyu.

Ukimpeleka kwa daktari, muulize kama amewahi kumpasua simbilisi. Kuuliza si utovu wa adabu. Kisha kumbuka mambo matatu.

La kwanza, usimshindishe njaa. Simbilisi hatapiki, na tumbo lake likikaa bila chakula husimama kufanya kazi. Mpeleke na majani yake.

La pili, apimwe uzito kwa mizani. Mnyama asiyefika hata kilo moja hapewi dawa ya usingizi kwa kukisia. Tena hupoteza joto upesi, kwa hiyo alazwe mahali pa joto mpaka azinduke kabisa.

La tatu, jihadhari na penisilini na amoksisilini. Dawa hizi zinazomfaa ng'ombe huweza kumuua simbilisi, kwa maana huharibu vijidudu vyema vya tumboni vinavyomsaidia kusaga majani. Ataharisha na kufa, hali kidonda chenyewe kinapona. Dawa ya kuzuia vidonda kuoza aichague daktari, na ya maumivu pia.

Nyumbani, mtandikie kitambaa safi au karatasi, si vumbi la mbao, maana litashika kidonda. Mpe majani mabichi, kwani mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, na bila hiyo kidonda huchelewa kupona. Mtazame kila siku. Anatakiwa aanze kula siku ile ile. Akifika kesho yake hajala wala hajatoa kinyesi, au kinena kikivimba, usingoje. Mrudishe kwa daktari.

Na hapa ndipo wengi huteleza: dume aliyehasiwa leo bado anaweza kupandisha. Mbegu za zamani hubaki mwilini mwake. Mtenge na majike kwa wiki 6.

Sasa utaniuliza, je, ni lazima kuhasi? Kwa mfugaji wa kitoweo, mara nyingi si lazima. Gharama ya kumpasua yaweza kuzidi bei ya mnyama mwenyewe. Tena kuhasi si dawa ya uhakika ya ugomvi. Madume wengine huendelea kuumana. Njia rahisi ni kuwatenga. Watoto wakifika wiki 3, wageuze mmoja mmoja uwatazame, watoe madume uwaweke banda lao. Bakiza dume mmoja mzuri wa mbegu, na umbadilishane na jirani kabla binti zake hawajakua. Kuhasi kufae yule unayetaka akae na majike bila kuzalisha, kama yule ambaye mtoto wako amekwisha mpa jina na hataki achinjwe.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla hujashika wembe, shika ubao na misumari. Ukuta mmoja katikati ya banda utakutosha. Na ikibidi kuhasi, mwachie mwenye ujuzi.